Wito wa harambee: kesi imekwisha, usingizi haujarudi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu wa Ukerewe, Mwanza na popote mlipo.

Siku hizi mtoto akifanyiwa ukatili, angalau tunajua pa kuanzia. Tunapiga 116, simu ya msaada kwa watoto, tunakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, tunachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tunakimbia hospitali. Tunashukuru sana kwa hatua hiyo. Lakini kesi ikishahukumiwa, au ikishamalizwa kienyeji kwa ng'ombe na vikao vya ukoo (jambo ambalo parokia haikubaliani nalo hata kidogo), mtoto huachwa peke yake na usiku wake.

Katika kikundi chetu cha vijana waliopitia hayo yupo binti ambaye haketi mpaka apate kiti cha karibu na mlango. Yupo kijana ukimgusa bega kwa nyuma, daftari linamwanguka mkononi. Nyumbani huambiwa wana jeuri, au wana mapepo. Wengine huacha shule na kuishia mwaloni wakianika dagaa, na wakitimiza miaka 18 hakuna anayewauliza tena, maana si watoto.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana hao tunawasahau mno.

Wataalamu wa afya ya akili wako hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya maji, na tiba yenyewe si ya sindano moja. Ni mazungumzo ya wiki hadi wiki. Mama muuza dagaa atajikakamua kulipa nauli ya meli mara ya kwanza, ya pili atakopa, ya tatu hatakwenda.

Moshi walijaribu njia nyingine. Watu wa kawaida, waliofunzwa na kusimamiwa na wataalamu, waliwaongoza watoto waliofiwa na wazazi katika vikao 12 vya vikundi, na dalili za kiwewe zikapungua. Sisi tunaomba shilingi milioni 6 ili tuwafunze waumini wanane, wake kwa waume, tumlete msimamizi kutoka Mwanza kila mwezi, na tuwalipie nauli ya Bugando wale waliozidiwa.

Hakuna kijana atakayesimamishwa mbele ya watu kutoa ushuhuda. Hakuna picha. Mtakaotaka kujua fedha zimetumikaje mtasomewa hesabu kanisani kila robo mwaka.

Ahadi zinapokelewa na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kuanzia wiki hii. Asiye na fedha taslimu alete machungwa, muhogo mkavu, kuku au debe la dagaa: mnada ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, mara tu baada ya Misa ya pili.