Mutoto anajua hesabu, bakaandika zero

Bwana Mhariri,

Nawaandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu, juu roho inaniuma sana. Jirani yangu mumoja aliitwa kwenye masomo, balimu bakamuambia mbele ya mutoto wake eti huyu hana akili, aende tu kujifunza kushona (na kushona nako kunataka akili!). Mutoto mwenyewe njo ule tunamuonaka kila mangaribi kwenye meza ya mama yake ya sambaza (samaki badogo ba ziwa), mutu analeta dola tano, anataka gobele (kikombe ya kupimia) tatu, yeye anageuza dola mu franka na kurudisha makuta bila mashini, hakosei. Kwenye egzameni swali ilikuwa kwa Kifaransa, hakuielewa, bakaandika zero.

Sasa nani alisema akili ni Kifaransa? Binet, mwanasaikolojia Mufaransa, alitengeneza kipimo yake ya akili Paris mu 1905 juu ya kujua batoto gani bana lazima ya musaada, lakini ilipofika Marekani, Goddard, mwanasaikolojia wa kule, akaenda kupima nayo bageni pale Ellis Island, kisiwa ya New York kwenye balikuwa banapokelewa, batu bametoka tu mu meli, bachoka, na bengi bakaitwa bajinga. Hapa kwetu nako Babeleji mu 1952 baliweka kadi ya imatrikulasio, ya Bakongomani bale banaonekana bameendelea kama Bazungu, banaingia mu nyumba ya mutu, banaangalia anakula namna gani, anaongea namna gani, njo baamue kama ameendelea. Mwenye kupima njo anachagua maulizo, na anachagua ile yeye anajua.

Balimu, tafazali, mumuulize ule mutoto tena, kwa Kiswahili.

Muzazi, Kadutu