Salamu za Noeli kutoka darasa la tano

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa wazazi wetu Waislamu, asalaam aleikum.

Wazazi na walezi wapendwa, kwa niaba ya walimu, masista, wapishi, madereva na walinzi wa shule yetu, nawatakia nyote sikukuu njema ya Noeli na heri ya mwaka mpya 2026. Mungu aliyetuvusha hadi leo azidi kuwalinda, awajalie afya njema, riziki ya halali na amani majumbani mwenu. Salamu hizi huandikwa kila Desemba na mwalimu mmoja wa darasa, kwa zamu, na safari hii zamu imeniangukia mimi. Ofisi imenipa maagizo matatu: shukuru, kumbusha ada, takia heri. Yote nitayatimiza. Hapo katikati mnivumilie, maana mwaka wenyewe haukuwa wa maneno machache.

Nianze na watoto. Tulipokaribia kufunga shule niliwagawia karatasi, kila mmoja aandike jambo moja la mwaka huu ambalo hataki kulisahau. Nilitegemea kusoma habari za siku ya michezo, au ile zawadi ya kwaya tuliyoisubiri kwa muda mrefu. Waliotaja matokeo ya mtihani walikuwa wachache, na hao nahisi walijua karatasi zinaweza kufika nyumbani. Wengi waliandika majivu, Papa, mbuyu wa Bagamoyo na bibi wa uji. Bibi wa uji ndiye aliyewashinda wote.

Mnakumbuka Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama siku chache tu kabla yake. Basi shule nzima ikawa imefunga, kila mmoja kwa njia yake. Huku kuna aliyeacha soda na katuni hadi Pasaka, huku kuna anayefunga hadi adhuhuri kwa sababu mama amemwambia bado ni mdogo. Darasa la tano halikosi la kubishania, wakaanza kubishana ni mfungo upi ulio mgumu zaidi. Walimu tuliwakanya, hawakusikia. Wakaipeleka kesi jikoni.

Bibi wa uji, kwa wageni wa mwaka huu ambao hawakumfahamu, alikuwa Mwislamu, na amepika uji wa shule hii ya parokia tangu wazazi wengine mnaosoma hapa mkiwa wanafunzi. Siku hiyo alikuwa amefunga, anakoroga sufuria kubwa bila kuonja. Alimwita binti mmoja amwonjee kama sukari imekolea. Binti akajibu, “Bibi, na mimi nimeacha sukari hadi Pasaka.” Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akawageukia wale wabishi: “Mnaobishana bado mna nguvu, kwa hiyo hamjafunga. Chukueni vikombe.” Uji ulinywewa hivyohivyo, sukari haikutosha, na hakuna aliyelalamika. Kwa muda wote niliofundisha dini hapa sikumbuki somo la Kwaresima lililoeleweka haraka kama lile.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, ikatujia habari ya kifo cha Papa Fransisko. Sisi watu wazima tumeshazika mapapa, tunajua utaratibu. Kwa watoto haikuwa hivyo. Fransisko alichaguliwa Machi 2013, kabla wengi wa darasa langu hawajazaliwa, na picha yake ndiyo waliyoikuta ukutani tangu chekechea. Waliiona picha kama sehemu ya ukuta wenyewe. Ilipofika jioni ya tarehe 8 Mei, moshi mweupe ukaonekana, ishara kwamba Papa mpya amepatikana, naye akajiita Leo wa Kumi na Nne; kesho yake mstarini hapakuwa na utulivu. Mwalimu wa hisabati akaona bahati imemdondokea, akaandika ubaoni XIV, namba za Kirumi zikafundishwa bila fimbo wala kubembeleza. Kuna aliyeuliza wale akina Papa Leo kumi na watatu wa kwanza walikwenda wapi. Paroko alipoelezwa alisema swali hilo ni la kiteolojia kuliko mwulizaji anavyodhani.

Safari ya Bagamoyo mliichangia wenyewe, nanyi nawashukuru, hasa mliomchangia mtoto asiye wenu. Kwa kuwa ulikuwa Mwaka wa Jubilei, mwaka mtakatifu wa Kanisa wenye kaulimbiu Mahujaji wa Matumaini, tulitaka watoto wahiji mahali panapofikika kwa basi la shule. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, na wanafunzi wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, soko la Zanzibar likiwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873. Hayo yote watoto wameyasoma. Lakini kuyasoma ni kitu kimoja, na kusimama chini ya mbuyu uliopandwa mwaka uleule ni kitu kingine, ukiona kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye shina, mti umekwisha kuumeza. Mnyororo huo, husimuliwa, ni wa kufungia punda wa mama mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa. Watoto hawakuridhika na habari ya punda. Walitaka uwe wa watumwa, na wengine hadi leo wanashikilia hivyo.

Tulipita makaburi ya wamisionari, wakahesabu umri wa waliolala pale, wakashangaa ujana wao. Kisha mvulana mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, akauliza: “Wale watoto, shule ikifungwa, walikuwa wanakwenda kwa nani?”

Mwongozaji alijibu kwamba hawakuwa na pa kwenda, misheni ndiyo ilikuwa kwao. Njia nzima ya kurudi basi lilikuwa kimya, jambo ambalo dereva wetu anaweza kulitolea ushahidi kwamba halijawahi kutokea.

Septemba bibi wa uji alitutoka. Alifariki usiku, kwenye zile siku mbili za mtihani wa darasa la saba, akazikwa kesho yake alasiri kama ilivyo desturi. Uongozi uliamua watahiniwa wasiambiwe mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Walipotoka wakirusha madaftari juu, wanaimba, walikuta jiko limefungwa. Mengine waliyamaliza kwa kuangaliana. Sijawahi kuona furaha ikikatika vile.

Na hapa niruhusuni neno moja langu binafsi. Nilipoanza kazi hapa nilikuwa mgeni mjini, mshahara wa kwanza haujaingia, nakuja kwa miguu. Sikumwambia mtu. Bibi yule aliona, sijui aliona nini, akawa ananiwekea kikombe cha uji kwenye dirisha la jiko, kimefunikwa kisahani, bila neno. Mshahara uliingia, nikaoa, nikapata watoto, kikombe kikaendelea kuwekwa. Nilipojaribu siku moja kumshukuru alinijibu kwamba uji ukibaki huharibika. Mpaka sasa asubuhi nikipita pale natupa jicho dirishani. Mpishi mpya ni mtu mwema na uji wake ni mzuri, asinielewe vibaya.

Nirudi kwenye salamu.

Kuhusu zile siku za uchaguzi, mwisho wa Oktoba, sina la kuwaeleza msilolijua. Intaneti ilizimwa, watu wakakaa ndani, kila mmoja akihesabu wa kwake kama wametimia. Watoto waliporudi walikuwa na maneno ambayo mtoto wa darasa la tano hapaswi kuwa nayo. Hatukuwazuia kuyasema. Novemba, kama kawaida, tulipeleka kanisani bahasha za kuombea marehemu, kila darasa na orodha yake ya majina. Mwaka huu orodha zilikuwa ndefu kuliko tulivyozoea. Binti yule wa sukari akaniuliza kama jina la bibi wa uji linaruhusiwa, yeye akiwa Mwislamu. Nilimpeleka kwa paroko aulize mwenyewe. Alirudi mbio: “Amesema niandike kwa herufi kubwa.”

Sasa, wazazi wenzangu, Noeli hii inatukuta mifuko imetoboka. Mchele mnaujua bei yake, nyama ya sikukuu mnaijua, na wanaopandisha familia Moshi, Bukoba au Songea wanajua hali ilivyo stendi ya Mbezi wiki hizi. Nawasihi kwa jina la Mtoto aliyezaliwa zizini: msiende kukopa kausha damu ili mwanao avae viatu vinavyowaka taa. Mtoto atavivaa wiki mbili, wewe utalipa marejesho mpaka Kwaresima, na hasira za marejesho atazila yeye. Sikukuu haikuanza na pilau. Bikira Maria alijifungulia safarini, nyumba ya wageni imejaa, na wa kwanza kuja kumtazama Mtoto walikuwa wachungaji waliotoka lindoni na nguo za kazini.

Tusiwafanye watoto wetu mizigo ya likizo. Mwingine shule ikifungwa leo, kesho yuko tuisheni asubuhi hadi jioni. Mwingine anapandishwa basi peke yake kwenda kwa bibi, kondakta akaambiwa “mwangalie huyo”. Mwingine anaachiwa dada wa kazi na simu. Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku moja kabla ya kugundua kwamba Yesu hayupo msafarani, wakarudi wakamtafuta, baada ya siku tatu wakamwona hekaluni. Siku moja! Nasi tunakaa naye sebuleni mwezi mzima, macho kwenye kioo cha simu, na hatugundui kwamba hayupo. Rudini mkamtafute. Muulizeni usiku alichokiona mchana. Mjue analala wapi na nani, hata iwe kwa ndugu wa damu, kwa maana Herode hakuhitaji kuwa mgeni wa mbali ili awe hatari kwa watoto. Mkiisoma ripoti, someni na upande wa pili, pale tulipoandika tabia, kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi. Mtoto wa kwanza na wa arobaini wote walibatizwa kwa maji yaleyale, na wale wasiobatizwa kwetu wameumbwa na Mungu yuleyule. Na mliokoseana mwaka huu, ndugu kwa ndugu, mke kwa mume, jirani kwa jirani, kwa siasa au kwa urithi, msisubiri padre awaite. Watoto wanawaona. Yule mvulana aliyeuliza Bagamoyo watoto wale walikwenda kwa nani, mimi namfahamu kwao, na swali lile hakulitoa kitabuni.

Nimeagizwa kukumbusha ada. Ya muhula wa kwanza ilipwe kabla ya kufungua, kwa akaunti ileile. Aliyekwama aje ofisini yeye mwenyewe, tuzungumze kama watu wazima, asimtume mtoto na barua. Unga wa lishe nao umepanda, kwa hiyo mchango wa uji utajadiliwa kwenye kikao cha wazazi. Tafadhali njooni kikaoni, na akina baba pia.

Tarehe 28 Desemba mwaka huu imeangukia Jumapili, kwa hiyo sherehe ya Familia Takatifu imechukua nafasi ya kumbukumbu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode. Ndiyo siku ambayo Mwaka wa Jubilei unafungwa majimboni. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, watakaokuwa mjini wavae sare zao, misa ya kwanza, wafike mapema kwa ajili ya maandamano. Watakaokuwa vijijini wajiunge na wenzao wa parokia za huko. Skafu zimo kwenye mifuko yao, nimehakikisha.

Kwa maneno hayo nawatakieni tena Noeli takatifu na mwaka mpya wenye baraka. Wagonjwa Mungu awaponye, wajane na yatima awe faraja yao, wanaosafiri awafikishe na awarudishe salama, waliotangulia awapumzishe kwa amani. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa darasa la tano

Nyongeza: kwa matroni kuna sweta, chupa za maji, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto na rozari ya mbao, vyote havina majina. Ofisi iko wazi asubuhi hadi tarehe 23.