Barua ya wazi kwa mjomba wangu, baada ya kumsikia Jagari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Habari hii ningeweza kukueleza kwa simu, lakini nimeona niiandike hadharani, kwa kuwa madereva wa rika lako waliopita Tunduma miaka ya 1970 ni wengi, na watoto waliokua wakisikiliza santuri zilizotoka Zambia ni wengi zaidi. Emmanuel Chanda, mwimbaji wa bendi ya roki ya WITCH, ambaye Zambia nzima ilimfahamu kwa jina la Jagari, angali anaimba. Wiki iliyopita nilimsikiliza katika klabu moja ya muziki mashariki mwa London, nikiwa nimesimama karibu na jukwaa kiasi cha kuona jasho likimtiririka shingoni, na tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta namna ya kukusimulia kama inavyostahili.

Wewe ulikuwa ukiendesha lori kati ya Dar es Salaam na Ndola enzi zile ambapo Zambia, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru kule Rhodesia mwaka 1965, ililazimika kutafuta njia ya kupitisha mafuta na shaba yake bila kutegemea kusini. Ulipokuwa ukirudi Mbeya ulituletea sabuni, blanketi, na mara nyingine santuri. Mojawapo ilikuwa Lazy Bones!! ya bendi ya WITCH, iliyotoka mwaka 1975. Nakumbuka ubishi uliozuka barazani kila ulipoiweka kwenye gramafoni. Jirani zetu walisema hao ni Wazungu, na hata walipoonyeshwa picha wakasema basi ni Waafrika wanaoiga Wazungu. Wewe ulishikilia kwamba hao ni vijana wa Kitwe, kwamba umepita mitaa yao, na kwamba muziki huo ni wao wenyewe. Jibu lako lilinishawishi kwa sababu lilikuwa lako. Juzi nimelisikia likithibitishwa kwa masikio yangu, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwa wasomaji wengine nieleze kidogo. Miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, ilikuwa na fedha ya migodi, umeme, majumba ya starehe ya wafanyakazi, na redio zilizopokea muziki kutoka kila upande. Vijana waliozaliwa chini ya ukoloni na kubalehe katika nchi huru waliweza kupata magitaa ya umeme. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia, na agizo hilo likawafungulia mlango vijana waliopenda roki, kwa kuwa roki yao nayo ilikuwa ya Kizambia. Chanda alilichukua jina la Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, akalifanya la nyumbani: Jagari. Wengine walivuka hadi kwetu Afrika Mashariki: bendi ya Musi-O-Tunya, ya Rikki Ililonga, iliishi Kenya na kurekodi Nairobi. Maonyesho ya WITCH nyumbani kwao yalianza jioni yakaendelea hadi usiku wa manane.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Ukumbi ulikuwa mdogo, hauna viti, na kuta zake zilipakwa rangi nyeusi. Waliojaa humo walikuwa zaidi vijana wa Kizungu wenye umri wa wajukuu zake, na katikati yao palikuwa na Wazambia waliovaa jezi za Chipolopolo, timu ya taifa ya soka ya Zambia, baadhi yao akina mama wa makamo waliosimama mbele kabisa na hawakukubali kusogezwa. Bendi ilipanda na kuanza bila yeye. Kwenye kinanda alikuwapo Patrick Mwondela, aliyeingia WITCH baada ya Jagari kuondoka, bendi ilipokuwa ikielekea kwenye disko, na waliobaki wengi walikuwa wanamuziki vijana kutoka Ulaya. Walizungusha kipande kimoja kifupi, tena na tena, hadi ukumbi mzima ukawa unaitikia kwa mabega. Ndipo Jagari akatokea, mwanamume aliyevuka miaka 70, akatembea hadi kwenye kipaza sauti kwa utulivu, kisha akaanza kucheza kwa nguvu ambayo ilinitia hofu kwa ajili ya magoti yake. Hofu hiyo iliisha mapema.

Mjomba, kwenye gramafoni yetu hatukuwahi kulisikia besi. Spika ile ndogo ilitupa gitaa la solo lenye mkwaruzo wa fazi, yaani kifaa kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, sauti ya mwimbaji, na matoazi ya drams, na kila kitu cha chini kilimezwa. Ndiyo maana jirani walisikia Uingereza: walichofikiwa nacho kilikuwa sehemu ya juu ya muziki, ile inayofanana zaidi na ya wengine. Katika klabu ile besi lilipita sakafuni likapanda miguuni, na nikaelewa kwamba nyimbo nilizozijua kwa moyo zimejengwa juu ya mapigo ambayo sikuwahi kuyapata. Drams zilihesabu nne kama roki yoyote, lakini besi lilikuwa likizunguka kwa mwendo wa ngoma za sherehe, likichelewa kidogo pale ambapo Mzungu angetua, na mwili wa Jagari ulifuata besi. Vijana walioruka mbele yangu walifuata drams. Akina mama wa jezi za kijani walifuata kiuno cha Jagari, na mimi nikawafuata akina mama. Wangekuwapo jirani zetu wa baraza lile, ubishi ungekwisha ndani ya wimbo mmoja.

Sauti yake imebadilika, na ni haki niseme hivyo. Noti za juu hazirukii tena kama zamani. Anazikaribia polepole, mara nyingine anazisema badala ya kuziimba, na pale penye kilio anaacha sauti ikwaruze. Mimi nilipenda zaidi hivi. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu aliimba huzuni kama kijana aliyesoma habari zake mahali fulani, na sasa anaiimba kama mtu anayeifahamu nyumba kwa nyumba.

Maana ameifahamu kweli. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na uchumi wa Zambia ukaanguka nayo. Vita vya Rhodesia vilileta amri za kutotoka usiku na za kuzima taa, hata bendi zilizozoea kukesha zikalazimika kupiga muziki mchana. Jagari aliacha bendi akasomea ualimu, na baadaye akaingia kwenye uchimbaji mdogo wa vito. Kisha ukaja Ukimwi, uliochukua wanamuziki wengi mno wa kizazi kile. Gideon Mulenga wa besi, Chris Mbewe na John Muma wa magitaa, Boidi Sinkala wa drams, Paul Mumba wa kinanda: wote watano wametangulia mbele ya haki, na wa kikosi kile amebaki mwimbaji peke yake. Nilikuwa nikiyataja majina yao kimoyomoyo kila ala zao ziliposikika, na nakiri kwamba kwenye solo moja ndefu ya gitaa nililia bila kujificha.

Wapo wanaosema kwamba bendi isiyo na wenzake wa zamani, tena yenye wapigaji wa Kizungu, haistahili kubeba jina la WITCH. Nimelifikiria neno hilo kwa uzito na silikubali. Muziki huu ulikuwa umekaa kimya kwa miongo kadhaa hadi kampuni ya Now-Again ya Marekani ilipoutoa upya kuanzia miaka ya 2010, na wapigaji hawa vijana walijifunza kutoka kwenye santuri zile zile tulizozisikiliza sisi, wakiwa na subira ya kutafuta hadi kile kilichofichika chini. Mwenye haki ya kusema nani asimame kando yake ni Jagari, na Jagari amekwisha sema kwa kupanda nao jukwaani. Kinachonisononesha ni kwamba kiingilio nililipa kwa pauni, London, wakati barabara ya kutoka Ndola hadi Mbeya ipo pale pale. Mapromota wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wangemwalika sasa, angali na nguvu hizi, wangepata ukumbi uliojaa watu wanaojua kucheza kwa kufuata besi.

Mwaka 2023 walitoa albamu mpya, Zango, waliyoirekodi Lusaka, na humo ameimba pia Sampa the Great, binti wa Kizambia ambaye wajukuu zako bila shaka wanamjua. Nimekununulia santuri yake pale pale mlangoni mwa klabu, na binamu ataileta atakapokuja likizo. Usiipige kwenye spika ya simu, tafadhali. Mwombe kijana wa studio ya jirani aifungie kwenye mitambo yake mikubwa. Ukishaisikia naomba unirekodie jibu la swali moja: katika safari zako zote za Ukanda wa Shaba, je, uliwahi kuwaona wenyewe jukwaani, na kama uliwaona, ilikuwa mji gani, na Gideon Mulenga alisimama vipi na besi lake?

Mpwa wako akupendaye.