Athumani, ni swichi tu

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athumani,

Assalaamu alaykum. Natumai u mzima, na walio kwako wazima. Huku sote salama, mvua zimekatika, mama anakusalimu sana na anasema ile kanga imemfika. Najua nimenyamaza tangu Idi, na ulinipigia mara mbili sikushika. Hilo nitakueleza siku nyingine. Leo nina jambo moja, na sitalala kabla sijaliandika.

Dada yako ameniambia kwamba mmekaa kwenye simu, ndugu wote wanne, mkakubaliana gari la Mzee wenu, ile Datsun 240Z, liuzwe. Na mnunuzi keshakuja kulitazama mara mbili, akalizunguka, akataja bei ya chuma chakavu. Nakuomba usitie neno lako kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Gari lile halijafa. Injini haina kasoro. Kilichokufa ni swichi ya ufunguo, kidude kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Nyinyi habari ya darajani mmeipata kwa watu waliokuwa nyuma wakipiga honi. Mimi nimemsikia Mzee mwenyewe, barazani, nikamuuliza moja moja. Alikuwa anatoka Kongowea, magharibi imeshaingia, taa amewasha. Juu ya daraja la Nyali gari likaruka kidogo kwenye kiungo cha barabara, na injini ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Anasema sindano ya geji ya mafuta nayo ikaanguka hadi chini. Basi kwa ajili ya sindano hiyo kila mtu akaamua petroli imekwisha. Fundi wa kwanza akafungua kabureta zote mbili, akazisafisha, akachukua pesa yake, na wiki haikuisha gari likazima tena karibu na Buxton.

Lakini Athumani, taa za mbele hazikuzima! Mzee alilitaja hilo kwa kupita tu, kwamba alimshukuru Mungu taa ziliwaka watu wakamwona. Niliposikia nikaweka kikombe chini. Kwenye 240Z taa za mbele hazipiti kwenye ufunguo, zinapata moto wa betri moja kwa moja, ndiyo maana ukizisahau usiku asubuhi betri huna. Geji ya mafuta inapita kwenye ufunguo. Koili, ile inayoipa injini cheche, nayo inapita huko huko. Sindano ikianguka pamoja na injini huku taa zinawaka, basi betri ipo, petroli ipo, na moto umekatikia njiani, pale pale anaposhika kwa vidole vyake kila siku.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikaenda na tester ya umeme. Betri volti 12.6. Waya mweupe wenye mstari mwekundu, ule unaoleta moto kwenye swichi, 12.4. Waya mweusi wenye mstari mweupe, ule unaoutoa kwenda kwenye koili, 9.6. Nikaugusa ufunguo kidogo kwa kidole, sifuri. Nikaugusa tena, 9.6. Mzee alikuwa kasimama nyuma yangu na bakora yake, akaona namba zinavyoruka, akasema, "Kumbe ndiye huyu." Miezi minne kaambiwa gari limezeeka, Athumani, na mwisho alianza kuamini kwamba aliyezeeka ni yeye, kwamba hajui tena kuendesha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikachomoa ethi ya betri, nikafungua vifuniko vya plastiki chini ya usukani. Nyumba ya loku sikuigusa, kwa sababu bolti zake kiwandani hukazwa mpaka vichwa vikakatika, ili mwizi asizifungue. Lakini upande wa umeme umekaa nyuma yake peke yake, kwa skrubu ndogo. Ukizitoa unachomoka, na ufunguo unabaki mahali pake. Nikaifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, maana mna springi na vipande vidogo ambavyo vikiruka huvioni tena. Ndani nikakuta shaba imeliwa upande mmoja, nyeusi kama sufuria ya mkaa, na grisi imekuwa ngumu kama gundi. Gari la mwaka 1972 hilo. Hesabu wewe mara ngapi limepigwa stata. Na kila likipigwa, moto wote wa kuivuta solenoidi, ile sumaku ya stata, unapita kwenye kishaba kile, na si moto mdogo. Kila kikigusana na kuachana kinatoa cheche, cheche inakula kidogo, na chumvi ya bahari yetu inamalizia.

Ngoja nikwambie kilichonitisha zaidi. Chini ya dashibodi nilikuta waya mpya, mwekundu, umetolewa kwenye betri ukaelekezwa kwenye koili, umefungwa kwa tepu tu, bila fyuzi, na mwisho wake uko wazi unaning'inia. Fundi wa pili ndiye aliyeuweka, akamwambia Mzee siku nyingine atarudi kuweka kitufe cha kubonyeza ili wauache ufunguo kabisa. Ule waya ungegusa bodi siku moja, tungezungumza habari ya moto na Mzee ndani yake. Nimeung'oa wote. Jina la fundi silitaji kwenye barua, lakini akija tena pale nyumbani nimemwambia Mzee asimruhusu kufungua hata boneti.

Nilichofanya ni hiki. Nimesugua shaba kwa msasa laini kabisa, nikaosha, nikatia grisi mpya ya umeme, nikafunga. Halafu nikaweka rilei ya ampea 40, swichi ndogo inayowashwa kwa sumaku. Waya mweusi wenye mstari wa manjano, uliokuwa ukienda kwenye stata, sasa kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Moto mzito unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei, unakwenda stata bila kuukanyaga ufunguo. Waya wa asili sikukata hata mmoja, vyote ni vya kuchomeka. Siku yoyote mkitaka, rilei inatoka na gari linarudi kama lilivyotoka Japani. Baada ya hapo ule waya wa koili ukasoma 12.1, na nikaugusa ufunguo mpaka nikachoka, namba haikutikisika. Jana asubuhi tulikwenda Mtwapa na kurudi, mimi pembeni, Mzee usukanini. Halikuzima hata mara moja. Stata inajibu kabla hajamaliza kuzungusha.

Lakini siwezi kukwambia limepona. Kitako cheusi cha swichi, kile kinachoshika vile vishaba, kimepasuka kwa joto. Nimekibana, lakini kinaweza kuachia kesho au mwakani. Swichi mpya inatakiwa, na huku nimezunguka maduka yote ya spea ninayoyajua sijaipata. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si kaka yako mkubwa. Wewe uko Sharjah, na eneo la viwanda hapo kwenu wanavunja magari ya Kijapani kila siku. Sitaki loku nzima na ufunguo wake, nataka ule upande wa umeme tu, wa Datsun 240Z yenye usukani wa kulia, ile inayoandikwa HS30. Picha za ile ya zamani nimekutumia, za soketi na za pini zake. Muuzaji akikwambia "zinafanana", usichukue mpaka umeweka pini kwa pini na kuzungusha hatua zote, kuzima, vifaa, injini na stata, na kila hatua irudi kwa mkazo wake.

Jambo jingine ambalo mimi peke yangu siliwezi. Unaujua mzigo wa funguo za Mzee: duka, geti, stoo, msikiti, na lile kufuli la zamani la mlango wa uani. Vyote vinaning'inia kwenye ufunguo wa gari. Mwaka 2014 General Motors kule Marekani waliita magari kama milioni 2.6 yarudi kutengenezwa kwa ajili ya swichi, nayo magari madogo ya michezo, Pontiac Solstice na Saturn Sky, yalikuwamo. Springi ya swichi ilikuwa dhaifu, mzigo wa funguo na shimo la barabara vikatosha kuurudisha ufunguo nyuma, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Ugonjwa wa gari la Mzee si huo, na mifuko ya hewa halina, lakini uzito ule unavuta kitako kilichopasuka kila tairi inapodunda. Nilimtolea ule ufunguo peke yake na kamba nyembamba. Juzi nimeukuta umerudi kwenye kundi lake. Mimi ni mtoto wa jirani, atanisikiliza na kunyamaza. Wewe mpigie. Na umwambie, gari likizima linatembea asiuchomoe ufunguo kamwe, kwa sababu usukani unafunga. Darajani aliushika autoe, akasema, kisha mkono ukasita. Bado naufikiria mkono ule.

Unakumbuka Mzee alivyokuwa akituhadithia mbio za magari za Safari Rally za 1973? Kwamba alipanda basi mpaka Nairobi, kwamba Shekhar Mehta na Lofty Drews kwenye 240Z walimaliza na adhabu sawa sawa na Harry Källström, naye pia kwenye Datsun, na Mehta akapewa ushindi? Miaka mitano baadaye akaliona hili linauzwa, akauza shamba la minazi. Mama yako hakusema naye wiki mbili. Jana tukirudi Mtwapa alinihadithia tena, tangu mwanzo, na mkono mmoja anapigapiga usukani. Sijamwona hivyo tangu msiba. Naandika hili nikijua gari ni lenu na uamuzi ni wenu, lakini kuliuza kwa bei ile kwa sababu ya swichi, Athumani, hapana.

Sasa niambie. Mmeshakubali kweli, au ni maneno ya kwenye simu tu? Huyo mnunuzi nani kamleta, maana Mzee hamjui? Mzee mwenyewe kuna aliyemuuliza? Utapata nafasi ya kwenda huko viwandani Ijumaa hii au niombe mtu mwingine? Pesa nikutumie kwa nani? Yule mdogo wako anayekuja mwezi ujao anaweza kuibeba mkononi? Na mtoto, homa imeshuka? Wewe unakuja lini?

Nipigie baada ya isha. Safari hii nitashika.

Nduguyo,
Mwinyi