Betri za dharura zipimwe kwa kutwikwa mzigo

Kwa Mhariri,

Kutoka Uyombo, Kilifi, hadi Siaya, mabishano kuhusu kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini Kenya yamekuwa ya ardhi, fidia, samaki na taka. Ni haki yawe hivyo. Ila kila kituo cha aina hiyo kina chumba ambacho hakitajwi mikutanoni, nacho ndicho husalia na umeme mambo yakiharibika: chumba cha betri.

Kinu cha nyuklia kikizimwa, kiini chake hakipoi papo hapo. Sekunde za kwanza bado hutoa karibu asilimia 6 au 7 ya nguvu yake yote kama joto, na joto hilo hushuka polepole kwa siku nyingi. Stima ya gridi ikikatika, jenereta za dizeli hushika kazi ya kuendesha pampu. Lakini hata jenereta hizo hutegemea betri ili mitambo yake ya kuwashia na swichi zake kuu zitii amri, na chumba cha udhibiti hutegemea betri hizohizo ili geji zisomeke na vali zifunguke. Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, maji ya tsunami yaliziua betri za kinu nambari 1 na nambari 2, wahandisi wakabaki hawaoni hata kiwango cha maji ndani ya kinu. Betri za nambari 3 zilinusurika, zikawapa zaidi ya siku moja ya kupoza kiini kwa kuzima kila kitu kisicho cha lazima. Baadaye walikuwa wakikusanya betri za magari ili kusoma geji na kufungua vali.

Na gridi yetu tunaijua. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru na nchi ikakosa stima. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Anayedhani umeme wa akiba utafanya kazi kwa sababu tu umenunuliwa, akumbuke usiku huo.

Betri ya kituo cha nyuklia kwa kawaida ni safu ya seli 58 au 60 za risasi na asidi, kila moja volti 2, zikiunganishwa kutoa volti 125. Muda wote hukaa kwenye chaji ndogo ya kuidumisha, takriban volti 2.2 kwa seli. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukiweka mita ya volti kwenye safu hiyo utasoma 132 au zaidi, ufurahi, uandike kwenye daftari. Ulichopima hapo ni chaja. Ni sawa na kumkagua punda kwa kumtazama masikio bila kumtwika gunia.

Chukua kiungo kimoja kati ya seli na seli, kilicholegea au kilichoshika kutu, chenye ukinzani wa omu 0.001. Kwenye chaji ya kudumisha hupita mkondo usiofika ampea 2, kwa hiyo kiungo hicho hupoteza volti 0.002, kitu ambacho hakuna mtu atakiona. Siku ya dharura zikipita ampea 500, kiungo hichohicho hupoteza nusu volti na kuchemka kwa wati 250. Risasi huyeyuka mapema kuliko metali nyingi. Ndiyo maana viungo hupimwa kwa mita ya maikro-omu, thamani ya siku ya usakinishaji huhifadhiwa, na kiungo kikipanda zaidi ya asilimia 20 juu ya thamani hiyo hufunguliwa, husuguliwa, hupakwa grisi yake na kukazwa kwa spana yenye kipimo. Kukaza kwa nguvu za mkono hakufai: risasi ni laini, nguzo ya seli huharibika.

Marekani, ambako NRC ndiyo mdhibiti wa nyuklia, vituo vingi hufuata ratiba inayofanana. Kila siku 7 husomwa volti ya safu nzima na mkondo wa kudumisha, ambao usizidi ampea 2. Mkondo huo una maana zaidi kuliko haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, kwa sababu baada ya kuchaji au kuongeza maji, asidi nzito hukaa chini na nyepesi juu, na haidromita hudanganya kwa majuma. Kila siku 31 hukaguliwa seli ya mfano, iliyochaguliwa kuwakilisha nyingine: volti yake isishuke chini ya 2.07, pamoja na joto lake, na kiwango cha maji cha kila seli. Kila siku 92 hupimwa volti ya seli zote, moja baada ya nyingine.

Majaribio ya mzigo ndiyo yanayogharimu, na ndiyo yanayokwepwa. Kuna jaribio la huduma, kwa kawaida kila miezi 18 au 24, ambapo betri hutwikwa mzigo uleule wa dharura uliopigiwa hesabu, dakika kwa dakika. Betri hii lazima ijaribiwe ilivyokutwa. Fundi anayesugua na kukaza viungo asubuhi ya jaribio anafuta ushahidi aliotumwa kuutafuta.

Kisha kuna jaribio la uwezo, kila miezi 60. Betri hutengwa na chaja, huunganishwa na rezista kubwa za majaribio, na kutolewa mkondo usiobadilika mpaka wastani wa seli ufike volti 1.75, yaani volti 105 kwa seli 60. Volti ya kila seli huandikwa njiani. Seli moja ikishuka kufikia volti 1, iko karibu kugeuka chanya kuwa hasi. Jaribio husimamishwa, seli hiyo hurukwa kwa waya, kazi ikaendelea. Kusimama huko ni mara moja tu, tena kwa dakika chache. Betri iliyotakiwa kudumu dakika 240 ikidumu 204, baada ya kusahihisha kwa joto, uwezo wake ni asilimia 85. Ikishuka chini ya asilimia 90, au ikipoteza zaidi ya 10 tangu jaribio lililopita, huanza kujaribiwa kila miezi 12. Ikishuka chini ya 80, haihesabiki tena kama betri ya usalama.

Kwa nini 80? Kwa sababu kuanzia hapo kuchakaa hukimbia, na kwa sababu betri hununuliwa kubwa kwa robo zaidi: mzigo ukihitaji 1,000, unaweka 1,250, ili asilimia 80 yake ibaki 1,000. Anayekata robo hiyo kupunguza bei ya zabuni amenunua betri ambayo itapungukiwa ingali changa.

Joto nalo halisamehe. Kila nyuzi 8 hivi juu ya 25 hupunguza nusu ya maisha ya betri, kwa hiyo ya miaka 20 ikiwekwa kwenye nyuzi 33 itegemewe miaka 10. Nairobi tunaweza kulisahau hilo. Kilifi na Siaya haiwezekani; chumba kitahitaji kupozwa mchana na usiku. Kitahitaji pia feni za kutoa haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, hivyo hudhibitiwa isifike 2. Feni ikisimama, kengele ilie.

Uchafu wa asidi kwenye kasha hufutwa kwa baikaboneti ya soda, gramu 100 kwa lita ya maji, vifuniko vikiwa vimefungwa. Mafuta ya taa na viyeyusho vingine hupasua plastiki ya seli, na nyufa hizo huonekana miezi baadaye. Maji ya bomba ni marufuku ndani ya seli, kwa ajili ya klorini na chuma.

Wala ukaguzi usiishie kwenye betri. Forsmark, Uswidi, tarehe 25 Julai 2006, hitilafu ya gridi nje ya kituo ilipandisha volti mpaka ndani. Vifaa viwili kati ya vinne vinavyogeuza umeme wa betri vikajizima, na jenereta mbili kati ya nne zikashindwa kuunganika. Betri zenyewe hazikuwa na kosa.

KNRA, mdhibiti wa nyuklia wa Kenya, ina nafasi ya kuandika vipindi hivi vyote kwenye masharti ya leseni kabla muuzaji wa kinu hajachaguliwa, maana akishachaguliwa kila kipimo kitageuzwa suala la bei. Masharti hayo yaseme pia kwamba matokeo ya kila jaribio la mzigo yatachapishwa: betri ipi, tarehe gani, asilimia ngapi. Na wakati tukisubiri kinu, hospitali na vituo vya umeme hapa Nairobi vina safu za betri ambazo zinaweza kutwikwa mzigo mwezi huu, kwa rezista za kukodi na fundi wawili.

Fundi wa betri za viwandani,
Industrial Area, Nairobi