Miwani ya wachumaji wa machungwa

Ndugu Mhariri,

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, kunakolimwa machungwa, kwa hiyo nilipoingia shamba la machungwa Florida nilidhani kazi naijua. Nilichuma misimu mitatu karibu na Immokalee, pamoja na Wamexico na Waguatemala. Unaegemeza ngazi, unazamisha kichwa kizima ndani ya matawi, na mfuko wa begani ukijaa unafika kilo 40. Malipo yalihesabiwa kwa tenga, kwa hiyo mkono haupumziki.

Siku moja mwenzangu wa Oaxaca, huko Mexico, alivuta tawi, likamponyoka, kijiti kikamchapa jichoni. Akajifuta kwa mkono wa shati uliojaa vumbi, akaendelea. Alikuwa amebakiza matenga mawili. Siku ya tatu hakuweza kutazama mwanga. Daktari alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho. Kimepona, kovu limebaki, na usiku haendeshi tena gari.

Miwani ilikuwepo! Nyapara aliigawa mwanzo wa msimu, ikaishia chini ya viti vya basi. Hata mimi niliivua. Jasho linaitia ukungu, vumbi linagandia juu yake, na kila ukisimama kuifuta mwenzako amekuacha tenga zima.

Msimu uliofuata mama mmoja wa Guatemala, mchumaji kama sisi, alifundishwa huduma ya kwanza ya macho. Alikuja na miwani ya aina tatu tuijaribu. Tukaipenda yenye matundu pembeni, kwa kuwa haishiki ukungu sana. Mfukoni alikuwa na kitambaa safi na chupa ya maji. Miwani ikichubuka, alikubadilishia palepale. Tulimsikiliza kwa sababu yeye mwenyewe aliivaa kutwa, na naye alilipwa kwa tenga.

Nimeandika kwa sababu mpwa wangu amechomwa na kijiti jichoni huko Muheza, nyumbani wakamtia maziwa ya mama. Nawaomba wanunuzi wanaoleta malori kutoka Dar es Salaam na Nairobi walete na miwani. Wasiigawe wenyewe, wamkabidhi mchumaji mmoja anayesikilizwa katika kila kundi. Dawa ya kupulizia ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali. Likichomwa na kijiti, lisisuguliwe, lisitiwe chochote, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mpwa wangu alifikishwa siku ya tano. Bado tunasubiri daktari atasema nini.

Mzaliwa wa Muheza,
Florida, Marekani