Nguo ya Mtumba Inapogeuzwa Sketi: Kitambaa Ndicho Kinachochagua Mtindo

Wateja wengi hutuletea gauni, shati au suruali ya mtumba wakiwa wameshachagua mtindo wa sketi wanayoitaka, na mara nyingi picha ya mtindo huo imo kwenye simu. Sisi huanzia kwingine. Tunaigeuza nguo upande wa ndani, tunaitandaza mezani, kisha tunapima ni kitambaa kiasi gani kitakachosalia baada ya kuondoa mishono, madoa na sehemu zilizochakaa. Kiasi hicho ndicho kinachoamua mtindo, na ndiyo sababu wakati mwingine tunalazimika kumweleza mteja kwamba gauni lake, hata likiwa zuri namna gani, halitatoa sketi aliyoikusudia.

Chukulia sketi ya duara kamili, ambayo huombwa kuliko nyingine zote. Kwa kiuno cha sentimita 72, tundu la katikati huwa na nusu kipenyo cha takriban sentimita 11.5; ukiongeza urefu wa sketi wa sentimita 60 kila upande, duara zima linahitaji kitambaa chenye upana wa sentimita 143, kabla hata ya kuhesabu pindo. Hakuna shati linalotoa kipande cha namna hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza sketi ya vipande sita: kwa nyonga za sentimita 100, pamoja na nafasi ya kupumua ya sentimita 6 na akiba ya mishono, kila kipande huhitaji takriban sentimita 21 kwenye nyonga na hupungua kuelekea kiunoni. Shati kubwa la kiume linaweza kutoa vipande vinne kwenye kiwiliwili na viwili kwenye mikono, ingawa urefu wake kwa kawaida hauvuki magoti. Ukanda wa vifungo tunapenda kuuacha palepale mbele, kwa kuwa ni pambo ambalo fundi wa kwanza amekwisha kulishona vizuri.

Suruali ya jinzi ndiyo inayodanganya zaidi. Huonekana kana kwamba inatosha kufumua mishono ya ndani ya miguu na kuunganisha pande mbili, lakini mshono wa katikati, unaopita chini ya zipu na kuzunguka hadi nyuma, umekatwa kwa mkunjo ili ufuate umbo la mwili. Mkunjo huo ukiachwa ulivyo, sketi hufura mbele na kuchomoza nyuma kila mvaaji anaposimama. Dawa yake ni kufumua mshono huo kwenda juu mpaka mahali ambapo kitambaa kinalala bapa chenyewe, kulaza upande mmoja juu ya mwenzake, kupunguza ziada, kisha kujaza pengo la chini kwa pembetatu iliyokatwa kutoka kwenye sehemu ya mguu iliyobaki. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kushona sketi mpya kwa kitambaa cha dukani, na tunaomba mteja alifahamu hilo anapoulizia gharama. Kuunganisha jinzi mbili tofauti kunawezekana, ila tunakataa iwapo moja inavutika na nyingine haivutiki, kwa sababu sketi hiyo itajipinda.

Uchakavu hauonekani kwa macho ya haraka. Tunainua nguo mbele ya mwanga, na pale ambapo mwanga unapita kwa wingi kuliko kwingine, nyuzi zimekwisha; mara nyingi huwa ni kwapani, mapajani na makalioni. Kitambaa cha kuvutika ambacho baada ya kuvutwa hakirudi mahali pake hatukishoni sketi ya kubana, kwani itatuna magotini na nyuma baada ya kukaliwa mara chache. Mahameli nayo ina masharti yake: vipande vyote lazima vikatwe manyoya yakielekea upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana cheusi zaidi ya jirani yake, hivyo gauni la mahameli hutoa vipande vichache kuliko linavyoahidi. Kwa upande wa faida, pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi huwa imeshamaliza sehemu kubwa ya kuruka kwake, yaani kusinyaa.

Kiuno ni rahisi zaidi. Kitambaa chepesi tunakitilia lastiki iliyokatwa fupi kidogo kuliko kipimo cha kiuno, na kizito tunakitilia mkanda na zipu, ambayo tunaitumia ileile ya zamani ikiwa meno yake bado ni mazima.

Unapoleta nguo, tafadhali iwe imefuliwa na kukauka, na usiikate wala kuifumua mwenyewe. Mikono, kola na mifuko ambayo huenda ungeitupa ndiyo inayotupatia mkanda wa kiuno, na pindo lililokunjwa mara mbili huficha sentimita kadhaa ambazo zinaweza kuishusha sketi chini ya magoti.